Kitunguu Saumu Katika Bustani ya Nyumbani: Mavuno Huamuliwa Kabla ya Kupanda

Miongoni mwa maswali ambayo wakazi wenye bustani za nyumbani huwauliza maafisa ugani wa kata, lipo moja linalojirudia. Mkazi amepanda kitunguu saumu, amemwagilia, amepalilia, na majani yamestawi kwa miezi mitano. Siku ya kuvuna aling'oa mmea wa kwanza akakuta shina nene mithili ya kitunguu cha majani, bila kichwa. Aling'oa wa pili akakuta tunguu dogo la mviringo, lisilogawanyika punje. Wapo wanaoilaumu samadi, wapo wanaoulaumu udongo, na hawakosekani wanaomlaumu jirani.

Aghalabu, kosa haliko huko. Kitunguu saumu ni zao ambalo sehemu kubwa ya mavuno yake huamuliwa kabla jembe halijagusa ardhi, na mambo yanayoamua ni mawili: punje iliyopandwa ilitoka wapi, na ilipandwa mwezi gani. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, hususan mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako kata moja hupata baridi ya kutetemesha mwezi Julai, ilhali nyingine iliyo umbali wa saa chache kwa gari haihitaji hata blanketi.

Zao lililozaliwa milimani

Asili ya kitunguu saumu ni Asia ya Kati, katika milima ya nchi kama Kyrgyzstan, Kazakhstan na Uzbekistan. Huko theluji hufunika ardhi kwa miezi kadhaa, kisha hufuata majira ya joto ambapo mchana hurefuka hadi takriban saa 15. Kwa maelfu ya miaka mmea huu umezoea mpangilio huo. Punje hulala ardhini wakati wa baridi, na mchana unaporefuka na joto kupanda, mmea huacha kutoa majani, hukusanya chakula chake chini na kukigawa katika punje. Bila baridi ya kutosha, mmea huendelea kutoa majani tu, au huunda tunguu moja lisilogawanyika.

Zao hili liliwafikia Waswahili pamoja na jina lake la Kiarabu, thum, na hadi leo baadhi ya watu wa pwani ya Kenya huliita kitunguu thomu. Neno saumu lenye maana ya mfungo lina asili nyingine, ingawa masikio ya Kiswahili hayatofautishi.

Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta na Iringa karibu nyuzi 8. Katika maeneo haya tofauti kati ya mchana mfupi wa Juni na mchana mrefu wa Desemba ni takriban saa 1 tu. Kwa hiyo mkulima wa hapa hawezi kuupa mmea mchana mrefu. Anachoweza kuupa ni baridi, na pia aina ya kitunguu ambayo vizazi vyake vimekwisha kuzoea mchana wa saa 12. Si jambo la kubahatisha kwamba maeneo yanayojulikana kwa kitunguu saumu nchini, yaani Mbulu mkoani Manyara, Lushoto mkoani Tanga na Nyanda za Juu Kusini, yote ni ya miinuko.

Lakini si kila kata ya Nyanda za Juu iko juu. Uyole na safu ya Uporoto mkoani Mbeya, pamoja na maeneo ya Kilolo na Mafinga mkoani Iringa, yako mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na katika jiji la Mbeya joto la usiku mwezi Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Katika maeneo haya kitunguu saumu hupata baridi yake bila msaada wa mtu. Bonde la Usangu liko takriban mita 1,000, na Pawaga na Idodi ziko chini zaidi. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, iko takriban mita 500. Huko ndiko majani hustawi na vichwa hukosekana. Mkazi wa kata ya joto anayepanda kama ndugu yake wa Uyole anavyopanda, kwa punje zilezile na mwezi uleule, asitarajie matokeo yaleyale.

Punje ndiyo mbegu

Mahindi huzaa mbegu, nyanya huzaa mbegu, hata kitunguu maji huzaa mbegu ndogo nyeusi zinazouzwa katika pakiti. Kitunguu saumu hakina mbegu ya namna hiyo. Kwa karibu aina zote zinazolimwa duniani, uwezo wa kuzaa mbegu ulipotea zamani, na mmea huendelezwa kwa punje zake. Maana yake ni kwamba kinacholiwa na kinachopandwa ni kitu kimoja, na kila punje inayotiwa ardhini hurithi tabia zote za kichwa ilikotoka, pamoja na magonjwa yake.

Hapo ndipo kaya nyingi hukosea. Mwezi wa kupanda unapofika, mama au baba wa nyumba hupita sokoni na kununua vichwa vikubwa vyeupe, kwa sababu vinapendeza na punje zake ni nene. Mara nyingi vichwa hivyo vimetoka nje ya nchi. China pekee huzalisha zaidi ya thuluthi mbili ya kitunguu saumu chote duniani, na bidhaa yake hufika katika masoko mengi ya Afrika Mashariki. Njia rahisi ya kuvitambua ni kutazama kitako: vichwa vingi vilivyosafirishwa kutoka mbali vimekatwa mizizi hadi kitako kikawa laini kama kilichokatwa kwa kisu, ilhali kitunguu cha shambani hapa nchini huja na mizizi yake mikavu na pengine udongo kidogo.

Hakuna ubaya kuvitumia vichwa hivyo jikoni. Kuvipanda ni jambo jingine, kwa sababu tatu. Kwanza, vilizalishwa katika nchi ya mchana mrefu na baridi kali, hivyo vinadai hali ambayo bustani ya Kalenga au Mbalizi haina. Pili, vimekaa muda mrefu ghalani na safarini, na baadhi huwa vimeshughulikiwa ili visichipue. Tatu, viliingizwa kama chakula, si kama mbegu, kwa hiyo havikukaguliwa kwa lengo la kupandwa.

Kitunguu cha kienyeji kinachouzwa katika masoko ya Mbeya na Iringa aghalabu ni kidogo, punje zake ni nyembamba na harufu yake ni kali. Wanunuzi wengi hukipita kwa sababu kinachosha kumenya. Kwa mpanda bustani, hicho ndicho chenye thamani. Kimepandwa na kuvunwa katika nyanda hizi mwaka baada ya mwaka, na kile kilichoshindwa kuzaa chini ya mchana wa saa 12 hakikubaki kuwa mbegu ya mwaka uliofuata.

Duniani aina za kitunguu saumu hugawanywa katika makundi makubwa mawili. Kundi la kwanza hutoa kikonyo kigumu katikati ya mmea, na kundi la pili huwa na shingo laini inayoweza kusukwa kama nywele. Aina nyingi zenye kikonyo kigumu hudai baridi kali zaidi. Kwa bustani za ukanda wa joto, zenye shingo laini ndizo zenye nafuu. Mkazi anayenunua mbegu kwa mkulima aombe kuona mimea mizima, au walau vichwa vyenye shingo zake, kabla ya kulipa.

Swali hujitokeza kuhusu tunguu la punje moja, ambalo baadhi ya watu hulithamini kama dawa. Huo si uchawi wala si aina ya pekee katika bustani zetu. Aghalabu ni mmea uliokosa baridi, au uliotokana na punje dogo mno. Tunguu hilo lisitupwe. Likihifadhiwa na kupandwa msimu unaofuata mahali penye baridi ya kutosha, linaweza kutoa kichwa kilichogawanyika vizuri, na kwa kuwa lina chakula kingi ndani yake, mmea wake huanza ukiwa na nguvu.

Hesabu ya mbegu

Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 linatosha katika ua wa nyumba nyingi. Punje zikipandwa kwa nafasi ya sentimita 10 kati ya mche na mche, na sentimita 20 kati ya mstari na mstari, tuta hilo huchukua punje 250. Tuseme mimea 200 imefika mavuno, na kila kichwa kina gramu 25. Mavuno ni kilo 5, kiasi kinachoweza kuitosheleza kaya kwa miezi mingi.

Sasa iangaliwe mbegu. Kichwa cha kienyeji kinaweza kuwa na punje kumi au zaidi, lakini zile za ndani ni nyembamba na hazifai kupandwa. Zikihesabiwa punje 5 nene za nje kwa kila kichwa, tuta la mwaka unaofuata linahitaji vichwa 50. Yaani kati ya kila vichwa vinne vilivyovunwa, kimoja ni mali ya ardhi. Si kimoja chochote: ni kile kikubwa, kilichogawanyika vizuri, kilichotoka katika mmea usio na michirizi ya njano.

Sharti hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mavuno hufika Agosti na Septemba, na vichwa vikubwa ndivyo vinavyouzika kwa urahisi. Kaya yenye mahitaji ya fedha huuza vikubwa, hula vya kati, na kubakiza vidogo kwa ajili ya kupanda. Mwaka unaofuata vidogo huzaa vidogo zaidi. Baada ya misimu mitatu mkulima husema mbegu imechoka. Kwa kiasi fulani husema kweli, kwa sababu virusi hujikusanya katika punje zinazorudiwa kupandwa, hasa virusi vinavyosambazwa na vidukari na kuacha michirizi ya njano katika majani. Lakini sehemu kubwa ya uchovu huo ilichaguliwa siku ya kuuza. Inafaa vichwa vya mbegu vitengwe shambani siku ya kuvuna, kabla mavuno hayajaingia ndani ya nyumba, na vifungwe kwa kamba ya rangi nyingine ili hata mgeni aliyetumwa jikoni asivichukue.

Mwezi wa kupanda

Mazoea ya wakulima wa nyanda hizi ni kupanda mvua za kwanza zinapoanza, mwezi Novemba au Desemba. Kwa mahindi mazoea hayo ni sahihi. Kwa kitunguu saumu ni kinyume chake. Kikipandwa Desemba, majani hukua wakati wa mvua na unyevu mwingi, magonjwa ya ukungu hukishambulia, na miezi mitano baadaye kinatakiwa kuvunwa kabla baridi haijafika.

Katika kata za miinuko, yaani zilizo juu ya mita 1,500, wakati unaofaa ni kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Aprili. Mvua za mwisho husaidia punje kutoa mizizi, baridi ya Juni na Julai huikuta mimea ikiwa na majani ya kutosha, na ukavu wa Agosti na Septemba huruhusu vichwa kukomaa bila kuoza. Katika kata za kati, inafaa kusubiri hadi mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, ili joto la Machi lisiirefushe mimea bure. Punje zinazochipua kuelekea baridi hufaidika kuliko zinazochipua kuelekea joto.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya ukuaji huangukia kiangazi, maji ni lazima. Mkoani Iringa wapo wenye vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Msimu wa vinyungu unalingana vizuri na kitunguu saumu, ila zao hili halivumilii mizizi kukaa majini, hivyo matuta yainuliwe walau sentimita 20. Wakazi wakumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Tuta la kitunguu halitolewi udhuru.

Kata za joto

Mkazi wa kata ya joto ana njia mbili. Ya kwanza ni kuipa punje baridi kabla ya kuipanda. Vichwa vizima huwekwa ndani ya mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki na kutiwa katika jokofu, sehemu ya chini inayowekwa mboga, si ile ya kugandisha. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 4 na 8, kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Mfuko wa plastiki haufai kwa sababu hukusanya unyevu na kuzalisha kuvu. Hivyo anayekusudia kupanda katikati ya Mei aanze mwishoni mwa Machi. Punje zitolewe siku ileile ya kupanda. Zikikaa wiki mbili katika joto la sebuleni, faida ya baridi hupungua. Nyumba isiyo na jokofu inaweza kuomba nafasi dukani panapouzwa vinywaji baridi. Nusu kilo ya vitunguu haichukui nafasi kubwa, ingawa mwenye soda anaweza kulalamikia harufu.

Pamoja na hayo, ukweli usemwe. Joto la mchana likiendelea kuzidi nyuzi 30 wakati vichwa vinapoundwa, kama inavyoweza kutokea katika kata za chini kabisa, jokofu peke yake halitaokoa tuta. Katika kata hizo kujaribu punje 30 kwa mwaka wa kwanza ni busara kuliko kujaza ua mzima.

Njia ya pili ni kulima kitunguu saumu kwa ajili ya majani. Majani machanga yana ladha na harufu ya kitunguu saumu, hukatwa juu ya ardhi yakiwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30, hutumika katika mchuzi, maharage na kachumbari, na huchipua tena mara moja au mbili. Kwa matumizi haya hata punje nyembamba zilizokataliwa kuwa mbegu zinafaa, na ndoo iliyotobolewa au kiroba kilichojazwa udongo karibu na mlango wa jiko kinatosha. Wakazi wa Pawaga au Kyela wasilione jambo hili kuwa ni kushindwa.

Tuta na matunzo yake

Udongo unaofaa ni tifutifu usiotuamisha maji. Udongo wa volkano wa eneo la Uyole ni mwepesi na hukifaa kitunguu saumu. Udongo mwekundu mzito wa sehemu nyingi za Iringa unahitaji mboji nyingi zaidi. Ndoo 2 za lita 20 za samadi iliyooza vizuri zinatosha kwa tuta la mita 1 kwa 5. Samadi mbichi huunguza mizizi na kukaribisha uozo. Udongo wa nyanda hizi mara nyingi una tindikali, na kitunguu saumu hupenda udongo usio na tindikali nyingi, hivyo ni vyema kupima kabla ya kutia chokaa ya kilimo. Majivu kidogo ya kuni husaidia, ila yasimwagwe kwa ndoo.

Punje zitenganishwe siku ya kupanda au siku moja kabla, bila kumenywa. Kila moja isimamishwe kitako kikiwa chini na ncha juu, kina cha sentimita 3 hadi 5. Kisha tuta lifunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu. Hapo adui wa kwanza si mdudu bali kuku. Tuta ambalo halikuota vizuri lichunguzwe kwanza kama halikuchakurwa, kabla mkulima hajamlaumu aliyemuuzia mbegu.

Kwa hali ya hewa ya kiangazi chetu, tuta hilo huhitaji takriban lita 25 kwa siku, sawa na ndoo 8 au 9 za lita 20 kwa wiki. Ni afadhali kumwagilia kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki kuliko kunyunyizia kidogo kila siku, na matandazo hupunguza mahitaji hayo. Panapotumika maji ya bomba la jumuiya, mkazi azingatie utaratibu wa chombo cha watoa huduma ya maji cha eneo lake, kwani baadhi ya vituo vimetengwa kwa matumizi ya nyumbani pekee. Mbolea ya kukuzia itolewe katika miezi miwili ya mwanzo tu. Ikitolewa kichwa kikiwa kinaundwa, huchochea majani na kuchelewesha kukomaa. Magugu yang'olewe kwa mkono, kwani majani membamba ya kitunguu saumu hayawezi kuyafunika. Wiki 2 hadi 3 kabla ya kuvuna, umwagiliaji usimamishwe.

Ugonjwa usiosahau

Thiripi, kutu ya majani na baka zambarau vinaweza kupunguza mavuno, na afisa ugani ataelekeza dawa na kipimo. Upo ugonjwa mmoja unaostahili kutajwa peke yake kwa sababu madhara yake hayaishii katika msimu mmoja. Huitwa uozo mweupe, na husababishwa na kuvu wanaoishi ardhini. Majani ya chini hugeuka njano, mmea hulegea, na ukivutwa hutoka bila ukinzani. Kitakoni huonekana kuvu mweupe kama pamba, na ndani yake chembe nyeusi zenye ukubwa unaokaribia mbegu za mchicha.

Chembe hizo zinaweza kukaa ardhini zikiwa hai kwa miaka 20 na zaidi. Hulala kimya hadi mizizi ya kitunguu saumu, kitunguu maji au jamii yake ipite karibu, na harufu ya mizizi hiyo ndiyo inayoziamsha. Katika nyanda za juu za Ethiopia ugonjwa huu umewasumbua wakulima wa kitunguu saumu kwa muda mrefu. Hakuna dawa ya nyumbani inayousafisha udongo ulioambukizwa. Husafiri kwa punje zenye ugonjwa, kwa udongo ulioganda katika jembe la kuazima, katika viatu na katika maji yatiririkayo kutoka tuta la juu kwenda la chini. Kwa hiyo kichwa kimoja cha mbegu kilichonunuliwa bila kukaguliwa kinaweza kulifunga eneo la bustani kwa kitunguu cha aina yoyote hadi watoto wa nyumba hiyo watakapokuwa na nyumba zao.

Kinga ni kukagua kila kichwa cha mbegu, kukataa chenye kitako laini au chenye kuvu, kuosha jembe kabla ya kuliingiza bustanini, na kutorudia jamii ya vitunguu katika tuta lilelile kwa miaka mitatu au minne. Kati yake yapandwe maharage, kabichi, karoti au mahindi. Anayeona dalili zilizoelezwa asiitupe mimea hiyo katika shimo la mboji wala asiihamishe. Amwite afisa ugani aione ilipo, kwa sababu jambo hilo si lake peke yake. Linamhusu kila anayelima jirani na kila anayeazima jembe lake.

Kuvuna na kuhifadhi hadi msimu ujao

Mavuno huwa tayari miezi minne hadi mitano baada ya kupanda, wakati nusu ya majani au zaidi kidogo yamekauka. Mkulima anayesubiri yakauke yote hukuta ganda limepasuka na punje zimetawanyika ardhini. Mimea iinuliwe kwa uma au jembe, isivutwe kwa nguvu, na ianikwe kivulini penye upepo kwa wiki 2 hadi 3 pamoja na majani yake. Jua kali huchoma vichwa.

Vichwa vya mbegu vitakaa tangu Septemba hadi Machi au Aprili, yaani msimu mzima wa mvua. Vitundikwe katika mafungu mahali pakavu penye hewa, upande wa nyumba usiopigwa na jua. Kuvitundika juu ya jiko la kuni, kama inavyofanyika kwa mahindi, hakushauriwi kwa mbegu, kwani joto huzikausha punje na kuziondolea baridi ambayo zingeihitaji. Kila mwezi vikaguliwe, na kilicholegea kiondolewe kiende jikoni.

Mkazi anayehitaji mbegu kwa msimu ujao aanze kuitafuta mavuno yanapotoka, asisubiri Machi. Afisa Kilimo wa Kata anawafahamu wakulima wenye mashamba safi, na anaweza kufuatana na mnunuzi kukagua. Ushauri huo hutolewa bila malipo. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, hupokea sampuli za udongo kwa ajili ya kupimwa, na TARI Tengeru, Arusha, ndicho kituo chenye jukumu la utafiti wa mazao ya bustani. Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hufanyika katika Uwanja wa John Mwakangale jijini Mbeya, yakifikia kilele tarehe 8 Agosti, wakati ambapo kitunguu saumu cha msimu kingali ardhini au ndiyo kwanza kinavunwa. Mtu anayefika pale aulize mambo matatu kwa kila anayeonesha zao hili: kitunguu hicho kililimwa kata gani, kilipandwa mwezi gani, na mbegu yake ilitoka wapi.